Si kila uvimbe wa shingo ni kifua kikuu

Huenda kijana wako ana uvimbe laini shingoni, usiouma, na majirani hapo Kayole, Dandora au Umoja wamekwisha kukuambia ni kifua kikuu. Yamkini wamesema kweli, kwani ugonjwa huo hushika hata tezi za shingo. Lakini pia huenda ni kifuko cha maji alichozaliwa nacho.

Mtoto akiwa tumboni, tezi ya thairoidi huanzia kwenye shina la ulimi, kisha huteremka hadi shingoni kwa njia nyembamba. Njia hiyo isipofungika, hubaki kifuko ambacho huweza kukaa miaka mingi bila kuonekana, kisha kikavimba kijana apatapo mafua.

Mwambie ameze mate, halafu atoe ulimi nje. Uvimbe wa katikati ya shingo ukipanda ulimi utokapo, yaelekea ni kifuko hicho. Ukipanda anapomeza tu, huenda ni rovu. Ukiwa upande mmoja, chini ya taya, waweza kuwa kifuko cha aina nyingine au tezi yenye kifua kikuu, hasa kama ana homa, anatokwa na jasho usiku na anakonda.

Jaribio hilo halitoshi. Mpeleke hospitali, kwa mfano Mama Lucy Kibaki. Hupigwa picha ya ultrasaundi, na pengine maji huvutwa kwa sindano nyembamba yakapimwe. Picha huonyesha pia kama thairoidi ipo mahali pake. Mara chache, uvimbe wenyewe ndio thairoidi pekee aliyo nayo. Ukikatwa, atameza vidonge maisha yake yote.

Usikubali utumbuliwe kama jipu. Maji yatatoka lakini kifuko kitabaki, kijae tena au kiingie usaha. Kikiwa na usaha, hutibiwa kwanza kwa antibiotiki, kisha upasuaji hufuata. Tangu Dkt. Walter Sistrunk wa Marekani aeleze njia yake mwaka wa 1920, wapasuaji huondoa kifuko pamoja na sehemu ya kati ya mfupa mdogo ulio chini ya ulimi. Sehemu hiyo ikiachwa, mara nyingi uvimbe hurudi.

Kikiwa kifua kikuu, dawa hutolewa bure katika hospitali za serikali, kwa kawaida kwa miezi 6. Dawa hizo haziondoi kifuko. Ndiyo sababu kijana apimwe kwanza.

Akishindwa kupumua au kumeza, usingoje kupambazuke. Mkimbize hospitali.