Bato Inasharje: Maneno ya Meli za Umeme katika Kiswahili cha Kalemie

Katika somo la istilahi na tafsiri nilipewa karatasi ya kurasa nne iliyoandikwa kwa Kifaransa. Ilieleza namna ya kupunguza uchafuzi wa meli: kuzifunga injini za umeme, kuziweka nyaraka za bandari kwenye kompyuta, kupanga safari kwa kutumia simu na setilaiti. Kazi yangu ilikuwa kuitafsiri ili mabaharia wa Ziwa Tanganyika waielewe. Nilifanya kama tunavyofundishwa, kamusi mbili mezani na orodha ya istilahi pembeni, na kichwa cha habari nikakiandika "Kuelekea Usafirishaji wa Kijani". Niliridhika kabisa.

Likizo ilipofika nilikwenda nyumbani Kalemie, nikamsomea baba mdogo. Yeye ni fundi wa mashine za meli, na amefanya kazi hiyo zaidi ya miaka ishirini. Alisikiliza sentensi mbili za mwanzo, akanikatiza.

"Mwanangu, hiyo rangi nani atalipa?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Kwake meli ya kijani ni meli iliyopakwa rangi ya majani, na alikuwa akihesabu kichwani makopo ya rangi. Nilipomweleza kwamba maana yake ni meli isiyoharibu hewa, alijibu, "Basi sema hivyo." Makala haya yametokana na jioni hiyo. Hoja yangu ni kwamba umeme na kompyuta zitakapoingia katika meli zetu, zitapokelewa na maneno ambayo tayari yana kazi nyingine bandarini, na baadhi ya maneno hayo yanaweza kuleta hatari.

Kwanza tutazame nyuma kidogo, kwa sababu Kiswahili kimekwisha kupitia mabadiliko ya nguvu za meli zaidi ya mara moja. Neno merikebu lina asili ya Kiarabu na lilitumika tangu enzi za matanga. Meli lenyewe linatokana na neno la Kiingereza la barua za posta, kwa kuwa meli za mvuke zilizofika pwani ndizo zilizobeba barua. Kwa hiyo tunaita chombo kwa mzigo wake wa zamani, wala hakuna anayekumbuka barua. Stima ilikuwa meli ya mvuke. Leo Mkenya akisema stima imepotea anamaanisha umeme umekatika. Neno limehama kutoka kwenye mvuke hadi kwenye nyaya bila kubadili hata herufi moja. Gari la moshi linaitwa hivyo hata kama linavutwa na injini ya umeme.

Ziwa letu lina mfano mzuri zaidi, nao ni Liemba. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande hadi Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915 kwa jina la Graf von Goetzen. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ilianza kwa mvuke, na katika miaka ya 1970 ikafungwa injini za dizeli. Chombo kilekile, nguvu tofauti. Nashangaa wanahistoria wameandika mengi kuhusu mizinga yake, lakini machache sana kuhusu namna wafanyakazi wa chumba cha mashine walivyobadili maneno yao siku makaa na kuni zilipoondoka.

Sasa tuvuke ziwa. Kigoma na Kalemie zinafanya biashara kila wiki, na watu wa pande zote mbili wanajiita Waswahili wa lugha. Hata hivyo ukiwapa dumu tupu na kuwaomba wakuletee petroli, utapata vitu viwili. Mtanzania atakuletea mafuta ya pikipiki. Mkongomani, ambaye neno lake limetoka Kifaransa, atakuletea mafuta ya taa, kwa sababu mafuta ya pikipiki yeye anayaita esanse. Dizeli ya Kigoma kwetu ni mazuti. Jambo hili huchekesha darasani, ila mvuvi wa ndakala hacheki. Kwa miaka mingi wavuvi wa usiku walitumia karabai, taa za mafuta zinazopigwa pampu. Taa ya aina hiyo ikitiwa mafuta ya pikipiki inaweza kulipuka usoni mwa anayeiwasha, katikati ya maji, penye nyavu na watu wanne ndani ya mtumbwi mmoja.

Namtaja mvuvi kwa makusudi. Watu wakizungumzia umeme majini wanafikiria meli kubwa za Ulaya, na kusahau kwamba katika maziwa yetu umeme ulianza na wavuvi. Taa ndogo za betri, nyingine zikijazwa kwa paneli za jua, zimekuwa zikichukua nafasi ya karabai. Huko Ziwa Viktoria, upande wa Kenya, mashine za umeme za mitumbwi zimeanza kukodishwa kwa wavuvi. Hakuna aliyewatafsiria karatasi ya kurasa nne. Waliona hesabu ya mafuta, wakabadilisha. Na kwa kubadilisha taa, ule utata wa petroli ukafa wenyewe. Mara chache sana isimu hutatuliwa na fundi wa umeme.

Lakini utata mmoja ukifa mwingine huzaliwa, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi na baba mdogo.

Katika Kiswahili cha Kalemie kitenzi kusharje, kutoka Kifaransa, kina maana mbili. Meli ikiwa gatini inapokea magunia ya mahindi, saruji na makreti ya bia, watu husema "bato inasharje". Simu ikiwa kwenye waya, nayo inasharje. Kiswahili cha Tanzania kimetenganisha kazi hizi: mizigo hupakiwa, simu huchajiwa. Sisi tumeziweka katika kitenzi kimoja, na mpaka leo hatujapata shida, maana hakuna anayeweza kudhani magunia yanaingia kwenye simu.

Meli ya umeme inaondoa kinga hiyo. Chukua mfano wa Ampere, feri ya magari inayovuka mlango wa bahari huko Norway, iliyoanza kazi mwaka 2015 na ambayo hutajwa kuwa ya kwanza duniani ya aina yake kuendeshwa kwa betri peke yake. Kila inapotia gati huunganishwa na umeme kwa dakika kama kumi, wakati huohuo magari yakishuka na mengine yakipanda. Kwa Kiswahili chetu feri hiyo inasharje na inasharje. Fikiria sasa nahodha yuko juu, fundi yuko chini, kuna kelele, na mmoja anauliza kwa redio kama kusharje kumekwisha. Anayejibu ndiyo anajibu lipi? Akiondoa kamba wakati waya mnene bado umeunganishwa na gati, hilo si kosa la sarufi tena.

Nilimwuliza baba mdogo. Aliwaza, akasema, "Na sirisharje je?"

Hapo nilijua amenizidi. Sirisharje ni neno linaloogopwa kuliko yote katika maziwa ya Kongo. Ni kupakia kupita kiasi. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama katika ziwa letu na zaidi ya watu mia moja wakafa. Tarehe 3 Oktoba 2024, katika Ziwa Kivu, meli Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Uwezo wake ulitajwa kuwa abiria 80, na viongozi wa Kivu Kusini walisema ilikuwa na watu 278. Mtoto wa Kalemie hulijua neno sirisharje kabla ya kujua kusoma. Basi Kifaransa hutumia neno hilohilo kwa betri iliyojazwa kupita kiasi, ambayo inaweza kupata joto na kushika moto. Katika karatasi yangu kulikuwa na onyo: "Epuka sirisharje." Mfanyakazi wa meli angelisoma, angetazama magunia, angeona meli haijazama kupita mstari, angeridhika. Betri ingeendelea kuchemka chini yake.

Pendekezo langu la kwanza lilikuwa la kivivu: kutunga istilahi mpya. Nilikuwa na "kutia nguvu betri" na "ujazaji wa nishati". Baba mdogo alizisikia, akaniambia ni maneno ya watu waliovaa tai. Nilipokwenda gatini kusikiliza wapakuzi wakizungumza, niligundua kwamba suluhisho liko midomoni mwao. Kupakia wanalijua, wanalitumia wanapozungumza na Watanzania, na wazee wengine wanalitumia kila siku. Vijana nao wamelimiliki kusharje kwa ajili ya simu. Kwa hiyo katika tafsiri ya pili niliacha kusharje libaki kwa betri peke yake, na mizigo yote nikaihamishia kwenye kupakia. Badala ya sirisharje niliandika kwa urefu: "usipakie kupita mstari" upande mmoja, "usiache betri kwenye waya ikishajaa" upande wa pili. Ni sentensi ndefu, najua. Mwalimu wangu wa istilahi aliniondolea alama kwa hilo, kwa sababu istilahi inatakiwa iwe fupi. Bado naona nilikuwa sahihi.

Upande wa kompyuta ulinipa shida ya aina nyingine. Kamusi zinatoa kidijitali, mfumo wa kidijitali, na kadhalika. BAKITA, ambalo lipo tangu 1967, limefanya kazi kubwa ya kuunda maneno ya teknolojia, na siwezi kulidharau. Tatizo ni kwamba kidijitali halisemi ni kazi gani inafanyika. Nilipomwambia baba mdogo "bandari ya kidijitali" aliuliza kama ni ile yenye kamera.

Nikavunja neno vipande viwili. Kipande cha kwanza ni orodha. Tangu tarehe 1 Januari 2024, nchi wanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari zinatakiwa kupokea taarifa za meli za kimataifa kupitia mlango mmoja wa kielektroniki, badala ya makaratasi kwa kila ofisi. Hayo ni ya bahari kuu. Kwetu orodha ni manifesti, karatasi inayoandikwa kwa kalamu gatini, na abiria wanaopanda baada ya kalamu kufungwa hawamo. Kuita jambo hili "kidijitali" kunaficha kiini chake. Nimeandika: "orodha ya abiria inayoonekana bandari zote mbili kabla meli haijaondoka." Kila mtu alielewa, na wawili walinuna.

Kipande cha pili ni mwendo. Nguvu inayohitajika kuisukuma meli hupanda takriban kwa mchemraba wa kasi yake. Ukipunguza kasi kwa asilimia 10, nguvu hushuka kwa karibu asilimia 27, na hata ukihesabu kwamba safari imerefuka, mafuta ya safari nzima yanapungua kwa karibu asilimia 19. Maana yake, meli inayojua kwamba gati halitakuwa wazi mpaka kesho haina sababu ya kukimbia usiku kucha ili ije kungoja. Ujumbe mmoja wa simu unaokoa mapipa. Hii ndiyo sehemu ya karatasi ambayo baba mdogo aliisikiliza bila kunikatiza, kisha akasema wao huita hivyo "kutembea na akili". Nimelichukua neno hilo kama lilivyo.

Linabaki lile la kijani. Nilijaribu "meli isiyo na moshi". Ina kasoro: gesi joto kubwa inayotoka kwenye injini ni hewa ukaa, nayo haionekani kwa macho, kwa hiyo meli ya dizeli yenye injini safi itadai kwamba haina moshi. Mwezi Julai 2023 nchi wanachama wa shirika nililolitaja zilikubaliana kufikia sifuri halisi ya gesi joto za meli ifikapo 2050 au karibu na hapo, na hesabu hiyo haipimwi kwa macho.

Baba mdogo alikuwa na pingamizi lake mwenyewe. Kalemie inapata umeme wake kutoka kituo cha Bendera, kwenye mto Kiyimbi. Umeme huo sisi tunauita kura, kutoka Kifaransa, na Mtanzania akitusikia tukilalamika kwamba hatuna kura hudhani tunazungumzia uchaguzi. Kura ikikatika, mji mzima unasikika ukiwasha jenereta.

"Bato itakuwa gatini inasharje," alisema, "gurupu inaunguruma kwa nchi kavu, inakula mazuti. Moshi haikuisha. Imeshuka tu kwa bato."

Nilifuta "isiyo na moshi". Kichwa cha tafsiri yangu sasa kinasomeka "Meli Zinazotumia Mafuta Kidogo", na chini yake, kwa herufi ndogo, kuna swali ambalo halikuwemo katika Kifaransa: umeme wa kusharje utatoka wapi? Mwalimu amelizungushia wino mwekundu na kuandika pembeni kwamba mfasiri haongezi. Nimeliacha.