Nzi hawakiachi kidonda cha punda

"Nina punda wawili wa kubeba mchanga na saruji kutoka gatini. Mmoja ana kidonda mgongoni, pale linapokaa shogi. Huu mwezi wa pili hakijapona, kinatoa maji na nzi hawambanduki. Nimepaka mafuta machafu ya injini, sijaona faida. Sasa naambiwa nimpulizie dawa ya kupe ya ng'ombe. Nifanyeje?" – Msomaji, Lamu.

Kabla ya mengine yote, dawa hiyo ya kupe isimguse punda huyo. Dawa kadhaa za kuogeshea ng'ombe zina amitrazi, na kitu hicho ambacho ng'ombe hukistahimili vizuri huwadhuru sana farasi na punda. Huulegeza utumbo hadi kinyesi kikwame, mnyama akapata msokoto wa tumbo unaoweza kumwua. Wenye punda wengi hukopa dawa kwa jirani mfugaji bila kusoma kibandiko, na ng'ombe wa jirani akiwa mzima huonekana ushahidi wa kutosha. Kwa punda si ushahidi hata kidogo.

Mafuta ya injini nayo yaachwe. Huwafukuza nzi kwa muda mfupi, lakini huchoma nyama changa inayojaribu kuota na kushika vumbi lote la njiani. Mnyama akijilamba, uchafu na madini yake yote huingia tumboni. Maji ya betri, petroli, majivu na mavi ya ng'ombe viko katika kundi hilohilo. Vyote huonekana vikali, na ukali huo huishia kwenye ngozi ya mnyama.

Sasa nzi wenyewe. Wanaojazana juu ya kidonda si wa aina moja. Nzi wa nyumbani hawezi kutoboa ngozi. Hutema mate juu ya maji ya kidonda kisha huyafyonza, huku miguu yake ikiacha vijidudu vya kila alikotoka. Yupo nzi wa zizini, anayefanana naye sana ila ana mdomo mgumu unaochomoza mbele, naye huuma na kunyonya damu, hasa miguuni. Ndiyo maana punda hupiga kwato chini mchana kutwa bila kutulia. Halafu wapo nzi wakubwa wa kijani na buluu wanaotafuta mahali pa kutaga.

Miongoni mwa hao watagaji yumo mmoja wa kuogopwa kweli, anayeishi katika sehemu nyingi za joto za Afrika na Asia. Wataalamu humwita Chrysomya bezziana. Nzi wengi hutaga penye nyama iliyooza, lakini huyu hutafuta nyama hai. Jike hutaga mayai 150 hadi 200 kwenye ukingo wa kidonda, nayo huanguliwa ndani ya siku moja. Funza wake hujichimbia kichwa chini, wakaacha mikia tu nje ili wapate hewa, na hula kwa siku tano hadi saba kabla ya kuanguka mchangani kugeuka nzi. Ukikitazama kidonda cha namna hiyo kwa karibu utaona uso wake unachezacheza, unatoa maji yenye damu, na harufu yake hukufikia kabla hujamsogelea mnyama. Mwaka 1988 ndugu wa nzi huyu, wa asili ya Amerika, aligunduliwa Libya, na ikabidi mamilioni ya madume tasa yaletwe kwa ndege kutoka Mexico ili kizazi chake kikatike. Mbinu ya madume tasa ndiyo hiyohiyo iliyosaidia kuwamaliza mbung'o kisiwani Unguja katika miaka ya 1990.

Kwa maelezo ya msomaji, hata hivyo, kuna jambo jingine la kulifikiria zaidi kuliko funza. Kidonda kinachokaa miezi bila kupona, kinaota nyama nyekundu inayovuja damu kwa urahisi na kumwasha mnyama hadi ajisugue ukutani, huenda kina minyoo ndani yake. Minyoo hiyo huitwa habronema, na makao yake ya kawaida ni tumbo la farasi na punda. Mayai na viluwiluwi vyake hutoka na kinyesi, funza wa nzi wanaokulia kwenye kinyesi hicho huvimeza, na nzi anapokomaa anaruka navyo mdomoni. Akitua kwenye midomo ya punda, viluwiluwi humezwa, hurudi tumboni na maisha yao yanaendelea. Akitua kwenye kidonda, au kwenye kona ya jicho lenye machozi, huviacha hapo. Haviwezi kukua wala kutoka, na mwili huvipiga vita bila kushinda.

Alama yake huonekana kwa macho. Kidonda kikisafishwa vizuri, ndani ya ile nyama nyekundu hujitokeza chembe ngumu za njano, nyingine ukubwa wa punje ya mchele. Ukizibonyeza kwa kidole chenye glavu unasikia kama kuna mchanga. Donda la namna hii linaweza kupakwa kila aina ya marhamu lisipone, kwa sababu adui yuko chini ya uso na kila siku nzi huleta wengine. Tiba yake ni ayvamektini ya kunywesha, kwa kipimo cha uzito wa mnyama. Ile ya sindano iliyotengenezwa kwa ng'ombe isichomwe kwa punda, kwani inaweza kuleta uvimbe na jipu baya mahali ilipochomwa. Wakati mwingine daktari wa mifugo huongeza dawa ya kutuliza uvimbe au hukata nyama iliyozidi. Kuna uvimbe wa ngozi unaofanana sana na donda hili, kwa hiyo jicho la daktari ni la lazima.

Wakati akisubiri daktari, msomaji ana kazi ya kufanya nyumbani. Achemshe maji, ayaache yapoe, atie kijiko kidogo cha chumvi kwa kila nusu lita. Nywele zinazozunguka kidonda zikatwe kwa mkasi, maana hushika usaha na kuwaita nzi. Kisha aoshe kwa kumimina maji kwa nguvu kiasi, kwa bomba la sindano lisilo na sindano au chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko, mpaka maji yanayochuruzika yawe meupe. Asisugue. Iodini ya dukani inafaa ikiwa imezimuliwa hadi iwe rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Ikiachwa nzito huunguza.

Akikuta funza, watolewe mmoja mmoja kwa kibano na kutumbukizwa kwenye maji ya moto. Kuwatupa chini ni kuwapa mchanga wanaoutafuta.

Kinga ya nzi hupakwa pembeni mwa kidonda, isiingie ndani. Mafuta ya mgando yakipakwa kwa upana wa vidole viwili kuzunguka jeraha huzuia maji ya kidonda yasiichubue ngozi nzima, na hapo juu yake ndipo dawa ya kufukuza nzi hukaa vizuri. Dawa zenye pareto, ua linalolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, hutumika sana kwa farasi na punda, ilimradi chupa iseme wazi kuwa ni za wanyama hao. Mafuta ya mwarobaini nayo huwafukuza nzi, ila yajaribiwe kwanza mahali padogo penye ngozi nzima, kwani baadhi ya wanyama huwashwa nayo. Asali inastahili sifa yake ya zamani na husaidia vidonda vya miguu ya farasi kupona, lakini iwe chini ya bandeji. Kuiacha wazi ni kuwaandalia nzi karamu.

Kidonda cha mguuni hufungwa kwa shashi na bandeji isiyobana, ikabadilishwa kila inapolowa. Cha mgongoni hakifungiki, kwa hiyo kitambaa chepesi cha pamba kifunikwe juu bila kugandamana, kikafuliwa kila siku. Macho hukingwa kwa vipande vya nguo vinavyoning'inia kutoka kwenye hatamu, ambavyo huwapangusa nzi kila punda anapotikisa kichwa. Jua likiwa kali afungwe kivulini panapopita upepo. Nzi hawaruki vizuri penye upepo, na Lamu upepo wa bahari haununuliwi.

Mavi ya bandani yasikae. Penye joto nzi wa nyumbani hutoka yai hadi kuruka ndani ya wiki moja hadi mbili, hivyo kuzoa kila siku huvunja mzunguko wake, na huvunja pia ule wa minyoo uliotajwa. Samadi irundikwe mbali na banda na ifunikwe kwa turubai ili joto la ndani liwaue funza. Majani makavu yaliyolowa mkojo yaondolewe pia, kwa kuwa nzi wa kuuma huzaliana humo. Mji wenye vichochoro vyembamba na punda wengi hauwezi kulitatua hili kwa banda moja. Majirani wenye punda wakizoa pamoja ndipo nzi watapungua.

Limebaki shogi lenyewe, na hapa safu hii haitamung'unya maneno. Kidonda hiki kimeletwa na mzigo, na hakuna dawa itakayokiponya huku punda akiendelea kubeba. Apumzishwe kabisa, hata kama ni mwezi mzima, hata kama pato litapungua. Mgongo wa punda wa kawaida haufai kubebeshwa zaidi ya kilo 50 hivi, yaani mfuko mmoja wa saruji. Wengi hubebeshwa miwili. Kabla hajarudi kazini, ngozi iwe imefunga na nywele zimeanza kuota. Chini ya shogi liwekwe tandiko nene la pamba au magunia laini yaliyofuliwa, lisilo na mshono unaokaa juu ya uti wa mgongo, na kamba za nailoni zivishwe kitambaa.

Pepopunda ni hatari nyingine, kwani farasi na punda hushikwa nayo kwa urahisi kupitia kidonda kidogo tu. Daktari aulizwe chanjo. Punda akisimama miguu imekakamaa, mkia umenyooka na ngozi ya kona ya jicho ikiteleza juu ya mboni, asisubiriwe hadi kesho. Asisubiriwe pia punda aliyeacha kula. Mnyama huyu huficha maumivu, na akikaa na njaa mafuta hujaa kwenye damu yake, akaweza kufa kwa hilo hata kama kidonda kinapona.

Kwa bahati, msomaji anaishi mji wenye msaada karibu. Shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza lilifungua kliniki ya punda Lamu mwaka 1987, na punda hutibiwa bure. Ampeleke asubuhi, bila shogi, na aeleze yote aliyowahi kukipaka kidonda, mafuta ya injini yakiwemo, ili daktari ajue pa kuanzia.