Maji Yenye Ukungu na Mimea Inayooza katika Tangi la Samaki: Tambua Chanzo Kabla ya Kununua Dawa

Tangi la samaki lenye mimea hai ni pambo la nyumba, lakini ni pambo linalopumua. Maji yanapobadilika rangi na majani yanapoanza kuoza, wengi hukimbilia dukani na kurudi na chupa ya dawa ya kung'arisha maji, chupa ya mbolea na mimea mipya. Mara nyingi fedha hiyo hupotea bure, na samaki hufa wakati mwenyewe akisubiri dawa ifanye kazi. Tumeandaa somo hili ili mlaji aweze kutambua chanzo cha tatizo yeye mwenyewe, anunue kinachohitajika tu, na ajue haki yake pale anapouziwa kisichofaa.

1. Chunguza rangi ya maji

Chota maji ya tangi kwa bilauri ya kioo, yaweke mbele ya karatasi nyeupe, kisha yaache yatulie kwa saa chache.

*Ukungu wa kijivu unaotuama chini* ni vumbi la mchanga au changarawe ambayo haikuoshwa vizuri. Hutokea siku ileile tangi linapojazwa. Tiba yake ni chujio na subira.

*Weupe usiotuama*, mfano wa maji yaliyodondoshewa maziwa, husababishwa na bakteria waliozaliana kwa wingi majini. Ni jambo la kawaida katika tangi jipya. Tangi hilo bado halina bakteria wa kutosha wa kukaa kwenye chujio na changarawe, ambao kazi yao ni kugeuza amonia itokanayo na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula kuwa nitraiti, kisha nitreti. Kwa kawaida tangi hukomaa kwa muda wa wiki 4 hadi 6.

Mlaji azingatie kwamba hatari kubwa zaidi haimo katika weupe anaouona. Imo katika amonia na nitraiti, ambazo hazina rangi. Dawa ya kung'arisha maji hukusanya chembe zinazoelea, lakini haiondoi sumu hizo. Maji yanaweza kung'aa na samaki wakaendelea kufa. Kwa hiyo, kama fedha inatosha kitu kimoja tu, tunashauri kinunuliwe kipimo cha amonia na nitraiti. Katika tangi lililokomaa, vyote viwili husoma 0. Vikisoma zaidi ya hapo, punguza chakula, badilisha robo ya maji, na usiongeze samaki.

Weupe huo ukizuka katika tangi la siku nyingi, tafuta samaki aliyekufa, chakula kilichozidi au mmea unaooza. Jiulize pia kama sponji ya chujio ilioshwa kwa maji ya bomba. Klorini inayotiwa katika maji ya bomba ili kuua vijidudu vya maradhi huua pia bakteria wenye manufaa. Sponji ioshwe katika ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Maji mapya yatiwe dawa ya kuondoa klorini, au yakae katika ndoo iliyo wazi kwa saa 24 kabla ya kutumiwa. Pale ambapo maji ya bomba yametiwa kloramini, kuyaacha yakae hakutoshi. Dawa ni lazima.

*Ukijani* ni mwani mdogo unaoelea, unaostawishwa na mwanga na virutubisho vilivyozidi. Ondoa tangi kwenye jua la dirishani na washa taa kwa saa 6 hadi 8 tu kwa siku.

*Rangi ya chai* hutoka katika gogo la mapambo. Kwa kawaida haina madhara, na hupungua kadiri maji yanavyobadilishwa.

2. Chunguza majani

Angalia kwanza ni majani yapi yameathirika. Majani ya zamani yakigeuka manjano huku machanga yakibaki na afya, huenda mmea umepungukiwa na naitrojeni. Vitobo vidogo katika majani ya zamani huashiria upungufu wa potasiamu. Majani machanga yakipauka na mishipa yake ikibaki kijani, shuku upungufu wa madini ya chuma. Mbolea inunuliwe kulingana na dalili hizi.

Mmea mpya ukipukutisha majani katika wiki za kwanza, usiutupe upesi. Mimea mingi ya matangi hukuzwa vitaluni majani yakiwa hewani, na ikizamishwa hulazimika kuota majani mengine yanayofaa kuishi majini. Kama shina na mizizi bado ni migumu, subiri. Aina ya Anubias, ambayo asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, ifungwe juu ya jiwe au gogo. Shina lake nene likifukiwa mchangani huoza.

3. Je, mmea huo ni wa majini kweli?

Baadhi ya mimea inayouzwa kwa ajili ya matangi ni ya nchi kavu. Mfano unaofahamika ni Dracaena sanderiana, unaouzwa kwa jina la mwanzi wa bahati. Mmea huu si mwanzi, na ingawa mizizi yake huvumilia maji, ukizamishwa wote huoza taratibu na kuchafua tangi zima. Kabla ya kulipa, omba mmea utolewe majini. Mimea mingi ya majini yenye mashina hulegea. Ukisimama wima na kukakamaa, uliza zaidi. Kipimo hiki si kamili, kwani Anubias nayo ina majani magumu. Kwa sababu hiyo, dai jina la mmea liandikwe kwenye risiti.

4. Pima tangi kabla ya kutia dawa

Zidisha urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 60 kwa 30, lenye maji ya kina cha sentimita 35, lina lita 63, ukitoa nafasi ya changarawe. Usikisie kipimo cha dawa kwa macho, wala usinunue chupa isiyo na maelekezo.

5. Haki yako

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Muuzaji anayeuza mmea wa nchi kavu kwa kudai ni wa majini, au dawa kwa kudai inaondoa sumu isiyoiondoa, anakwenda kinyume na sheria hiyo. Tunza risiti, chupa na picha ya mmea, na andika tarehe na matokeo ya vipimo vya maji. Mrudie muuzaji kwanza na umweleze kwa utulivu. Akikataa kusikiliza, wasilisha lalamiko lako kwetu pamoja na vielelezo hivyo. Lalamiko lenye vielelezo ni rahisi kushughulikiwa kuliko lenye maneno matupu.