Jicho moja likiumia, linda yote mawili

Ukibahatika kufika Ufaransa, usiishie Paris. Safiri upande wa mashariki, kiasi cha kilomita 40 hivi, hadi kijiji cha Coupvray. Huko kuna nyumba ya mawe alimozaliwa Louis Braille mnamo Januari 4, 1809. Sasa ni jumba la makumbusho. Wageni wengi huenda kuona vifaa vya kuandikia nukta ambazo vipofu husoma kwa vidole. Lakini wewe mzazi, anzia katika karakana.

Hapo ndipo babake alipokuwa akishona matandiko ya farasi. Louis, akiwa na umri wa miaka mitatu, alichezea kifaa chenye ncha kali cha kazi ya ngozi, kikateleza na kumchoma jicho. (Wengine husema kilikuwa kisu. Kwa jicho, tofauti ni ndogo.) Jicho hilo liliharibika. Kisha la pili, ambalo halikuguswa, likaanza kufifia. Alipotimiza miaka mitano hakuona tena.

Huenda unajiuliza jicho zima liliharibikaje. Enzi hizo hapakuwa na dawa za kuua viini, na watu wengi husema viini vilienea. Lakini kuna jambo jingine. Jicho linapotobolewa, sehemu za ndani zilizokuwa zimejificha hujitokeza mbele ya kinga ya mwili. Kinga huzidhania kuwa adui na kuzishambulia, tena katika macho yote mawili. Ni hali nadra, na aghalabu hutokea wiki au miezi kadhaa baada ya ajali. Siku hizi inatibika, mradi mgonjwa awahi. Kwa hivyo, kidonda kikishapona halafu jicho la pili liwe jekundu, liumizwe na mwanga au lione ukungu, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Pita karibu na mafundi wa jua kali mtaani kwako uone watoto wanavyochezea waya, misumari na bisibisi. Mtoto akidungwa jichoni, usilisugue wala kulibonyeza. Usichomoe kitu kilichokwama. Usimwagie maji, sembuse maziwa kama baadhi yetu tulivyofundishwa! Funika jicho kwa kikombe safi cha karatasi kisichogusa mboni, kisha mkimbize hospitali yenye daktari wa macho.

Asidi ya betri au saruji ni jambo tofauti kabisa. Hapo maji ndiyo dawa ya kwanza. Osha jicho papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, kwa muda wa robo saa hadi nusu saa, ndipo uondoke kwenda hospitali.

Ukimaliza kuitazama karakana, nenda kwenye vifaa vya kuandikia. Louis alikuwa na miaka 15 tu, mwanafunzi wa shule ya vipofu ya Paris, alipopanga nukta zake sita mwaka wa 1824. Chombo cha kutobolea nukta hizo kwenye karatasi ni ncha ya chuma yenye mpini mfupi, karibu sawa na kile cha babake. Watoto wasioona wa shule ya Thika husoma kwa nukta hizo hizo.