Elimu ya Afya: Rovu na Kipimo cha Ultrasaundi

Je, shingo imevimba kwa mbele, moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka na mwili unapungua ilhali unakula vizuri? Kutoka Diani hadi Lungalunga, wapo wanaodhani ni husuda au uchovu tu. Huenda ni tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi.

Kwanza hupimwa damu, kwani damu ndiyo huonyesha iwapo homoni zimezidi. Ultrasaundi huonyesha ukubwa wa tezi, vinundu vilivyomo na wingi wa damu inayopita. Tezi iliyovimba yote na kujaa damu huashiria ugonjwa wa Graves. Baadhi ya vinundu huhitaji kuchunguzwa zaidi kwa sindano.

Mpimaji huchukua urefu, upana na kina cha kila upande kwa sentimita, huzidisha, kisha hugawanya kwa 2. Upande wa 5 × 2 × 2 hukadiriwa kuwa mililita 10. Pande mbili ni 20. Kwa mwanamke, zaidi ya 18 ni rovu. Kwa mwanamume, zaidi ya 25.

Kipimo hutumia mawimbi ya sauti, si mionzi. Hakiumi, huhitaji kufunga kula, na ni salama kwa mjamzito.

Usichanje rovu, wala usingoje. Homoni zikizidi bila tiba hudhoofisha moyo na kuhatarisha mimba. Dawa zipo. Anzia zahanati iliyo karibu nawe. Ikibidi, utaandikiwa rufaa kwenda hospitali kubwa kama ya Msambweni.