Kukagua Mabaki ya Kale Mashambani Kabla ya Mradi: Mwongozo kwa Wasimamizi na Timu za Uwandani

1. Kwa nini tukague shamba lililokwisha kulimwa

Wengi huamini kuwa shamba lililolimwa miaka nenda rudi halina tena cha kutafutwa. Sivyo. Jembe hugeuza udongo wa juu tu. Tanuri, makaburi na mashimo ya nguzo yaliyo chini yake huweza kubaki yalivyo. Katapila hufika huko kwa siku moja.

Engaruka, wilayani Monduli, ni funzo tosha. Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, wakulima wa karne ya 15 hadi 18 walijenga mifereji, makazi na kuta za mawe katika eneo la kilomita za mraba zipatazo 20. Baadhi ya mashamba yao yalitokana na udongo uliobebwa na maji ukanaswa na kuta hizo. Asiyejua ataona mawe yanayosumbua trekta, kumbe shamba lenyewe ndilo kumbukumbu.

2. Sheria inavyotaka

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda mabaki ya kabla ya 1863, inakataza kuyachimba bila kibali na inamtaka anayeyagundua atoe taarifa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ndiyo msingi wa tathmini ya athari kwa mazingira. Ukaguzi ufanyike ndani ya tathmini hiyo, wakati njia ya mfereji au bomba bado inabadilika bila gharama kubwa.

3. Kabla ya kuingia shambani

(a) Pata vibali, kisha pitia ramani, picha za anga na ripoti za watafiti waliotangulia.

(b) Ripoti kwa serikali ya kijiji na uombe ruhusa ya kila mwenye shamba.

(c) Keti na wazee, wanawake kwa wanaume. Uliza makaburi yalipo, mahali pa matambiko, na jembe liligonga wapi vyungu au mawe ya kusagia. Mahali pa tambiko pasiandikwe kwenye ripoti ya umma bila ridhaa yao.

4. Ukaguzi wenyewe

Nenda baada ya shamba kulimwa na mvua ya kwanza kunyesha, kwa kuwa mvua huosha vigae vikaonekana. Mazao yakishaota, ardhi hufichika. Wakaguzi watembee katika mstari mmoja, mita 5 hadi 10 kati ya mtu na mtu. Kila kinachoonekana kiwekewe kibendera, kipigwe picha na kuandikiwa mahali pake kwa GPS kabla ya kuguswa.

Tafuta vigae vyenye nakshi, shanga, zana za mawe, udongo mweusi wa majivu na mavi ya chuma. Haya ya mwisho huwa mazito, yenye vitundu vya mapovu na uso ulioganda kama uji uliofurika. Ukiyakuta pamoja na vipande vya mirija ya udongo ya mivukuto, huenda tanuri liko karibu. Kwa mabaki ya namna hiyo, Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, ilithibitika kuwa chuma kiliyeyushwa pwani yapata miaka 2,000 iliyopita.

Penye nyasi au tope la mafuriko, macho hayatoshi. Chimba mashimo ya majaribio ya sentimita 50 kwa 50, tabaka kwa tabaka, ukichekecha udongo wote. Yafukie siku hiyohiyo, na mazao yaliyoharibika yalipwe fidia.

5. Uamuzi na ujenzi

Chaguo la kwanza ni kukwepa. Isipowezekana, wanaakiolojia wachimbe kabla ya mkandarasi kuanza.

Madereva wa mitambo wafundishwe mapema. Mifupa au mabaki yakitokea: simamisha mtambo, zungushia utepe, usihamishe kitu, mjulishe afisa mtendaji wa kijiji na mamlaka ya mambo ya kale. Mifupa ya binadamu, polisi nao waarifiwe. Dereva aliyesimamisha kazi asikatwe ujira. Akikatwa, wenzake watafukia na kunyamaza.

Matokeo yasomwe katika mkutano wa kijiji, nakala ibaki ofisini. Ramani ya maeneo yasiyoguswa iambatishwe kwenye mkataba wa mkandarasi, kwani agizo la mdomo halimfungi mtu.