Neno la Kiingereza "Lacerate": Maana na Matumizi Yake

Mara nyingi sisi tujuao kusoma huitwa kumfasiria mgonjwa mbele ya daktari, au shahidi mbele ya hakimu. Katika kazi hiyo hutokea neno la Kiingereza "lacerate", nalo likifasiriwa ovyo laweza kumtia mtu hatiani bure. Basi na tulichungue.

Asili yake ni Kilatini, "lacerare", maana yake kurarua. Kurarua si kukata. Kisu hukata, shoka hupasua kuni, msusi wa mikeka huchana ukindu. Lakini kucha za chui hurarua. Kilichokatwa kina kingo zilizonyoka. Kilichoraruliwa kina kingo zilizochanikachanika. Tena "lacerate" hutumika hasa kwa mwili. Karatasi au nguo ikiraruka, Mwingereza husema "tear"; sisi twasema kurarua kwa yote mawili.

Wako watu wanaolitumia neno hili kwa kila jeraha. Lakini madaktari wachunguzao majeraha kwa ajili ya mahakama hushika tofauti yake. Kwao ni jeraha la ngozi iliyopasuka kwa kugongwa na kitu butu, kama rungu au jiwe, au kwa kuanguka. Kingo zake zimechubuka, na ndani yake nyuzi za nyama husalia zikiunga upande huu na upande huu. Jeraha la kisu halina nyuzi hizo, kwa maana makali hukata zote pamoja.

Basi daktari wa namna hii akiandika "lacerate", nasi tukasema barazani, "Alikatwa," tumemtia mshtakiwa mkononi kisu ambacho huenda hakukishika kamwe. Ni heri kusema, "Ngozi yake ilipasuka na kuraruka kwa kugongwa." Na tukiwa na shaka, tumwulize daktari kabla ya kufasiri.

Neno hili husemwa pia juu ya moyo. Jonathan Swift, mwandishi aliyekuwa mkuu wa kanisa kuu la Mtakatifu Patrick mjini Dublin, alifariki mwaka 1745. Alijitungia mwenyewe kwa Kilatini maandishi ya kaburi lake, akatumia "lacerare": yaani, pale alipolazwa, ghadhabu kali haiwezi tena kuurarua moyo wake. Hata hivyo, katika Yoeli 2:13, nabii awatakapo watu wararue mioyo wala si mavazi, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 yatumia "rend". Neno hilo lafaa kwa nguo na kwa moyo pia, lakini "lacerate" halifai kwa nguo.

Kwa hiyo, kabla ya kulifasiri, tujiulize mambo matatu:
1. Ni nini kilichoraruliwa: mwili, nguo, au moyo?
2. Ni kitu gani kilichorarua?
3. Kingo za jeraha zi hali gani?

Akiyajibu haya kwanza, mfasiri hatamshuhudia jirani yake uongo kwa kutojua.